Bastola ya Kale Iliyokatwa na Kuchongwa, Iacheni Ilivyo

Mkusanyaji wa silaha za kale akiona bastola iliyofupishwa mtutu, mara nyingi huirudisha mezani pale pale. Mimi ndiyo ninayoishika kwanza. Sisemi kwamba kila chuma kilichopigwa tupa kina thamani. Ninachosema ni kwamba bastola iliyobadilishwa sana na mtu aliyeitegemea ina habari ambazo ile iliyotoka kiwandani ikalala sandukuni haina, na kwamba kuhangaika kuirudisha ilivyokuwa mwanzo ni kuzifuta habari hizo kwa mikono yetu wenyewe.

Niliyo nayo ni Colt Navy ya kiwanda cha Colt cha Marekani, toleo la 1851, kaliba (kipimo cha tundu la mtutu) .36, ya risasi sita. Hushindiliwa baruti na risasi kwa mbele ya silinda, kisha huvishwa fataki, vikombe vidogo vya kuwashia baruti, kwa nyuma. Ilipotoka kiwandani mtutu wake wa pembe nane ulikuwa na urefu wa inchi saba na nusu. Sasa hauzidi tatu. Aliyeukata hakutumia mashine: mdomoni mikwaruzo ya tupa inapishana, mingine imelala, mingine imesimama, maana aliigeuza kazi kwenye jiriwa mpaka mdomo ukawa sawa. Nusu ya anwani ya kiwanda iliyopigwa juu ya mtutu ilikwenda na kipande kilichokatwa. Nukta ya kulengea nayo ilikwenda, akatengeneza nyingine: kibanzi cha shaba kilichogongewa kwenye mfereji mwembamba, kikalainishwa ncha kisije kikanasa kwenye nguo. Kisigino cha mpini kimeviringwa, mti na shaba kwa pamoja, na kwenye pembe ambazo tupa haikufika bado kuna utando wa fedha wa kiwandani.

Lakini kinachonivuta zaidi ni kitu ambacho hakipo. Chini ya mtutu wa Navy hukaa wenzo wa kushindilia risasi, na ncha yake hushikwa karibu na mdomo. Mtutu ulipofupishwa, wenzo nao ukaondoka. Bila wenzo, ukitaka kujaza upya inabidi utoe kabari inayoufunga mtutu, uvue mtutu, uchomoe silinda, kisha ushindilie tundu moja moja kwa kifaa kingine. Hilo halifanyiki ukiwa hatarini. Mwenye bastola alilijua na akalikubali: risasi zilizomo ndizo hizo hizo, muhimu silaha iingie mfukoni na itoke haraka. Jina lake silijui, lakini namna alivyofikiri ninaisoma kwenye chuma. Bastola safi ya toleo hilo hilo ingenieleza kiwanda tu.

Silinda hakuigusa. Pale pana mchoro wa mapigano ya baharini ya Campeche, tarehe 16 Mei 1843, kati ya meli za Texas na za Mexico, kazi ya mchongaji Waterman Ormsby iliyobanwa kwenye chuma kwa roli. Umefifia kwa kusuguliwa, ila matanga bado unayatambua.

Watu husahau kwamba kubadilisha bastola hakukuwa kazi ya mafundi wa pembeni peke yao. Viwanda vyenyewe vilifanya hivyo, tena kwa wingi. Mvumbuzi Rollin White alipata hataza, yaani haki ya pekee ya uvumbuzi, ya silinda iliyotobolewa kutoka mwisho hadi mwisho mwaka 1855, na Smith & Wesson wakaikodi kwa kumlipa senti 25 kwa kila bastola. Kwa hiyo hadi hataza ilipokwisha mwaka 1869, watengenezaji wengine wa Marekani walizuiwa kuunda bastola ya kuingiza risasi za ganda (risasi na baruti pamoja ndani ya ganda la chuma) kwa nyuma ya silinda, isipokuwa kwa ruhusa. Remington waliomba ruhusa, wakalipa, wakaanza kubadilisha bastola zao za fataki mwaka 1868. Colt walingoja. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kumalizika mwaka 1865 nchi ilikuwa imejaa bastola za fataki, nzima kabisa lakini zikipitwa na wakati. Charles Richards wa Colt akapata hataza yake mwaka 1871: sehemu ya nyuma ya silinda inakatwa, sahani ya chuma inawekwa mahali pake, na ubavuni mwa mtutu kunafungwa fimbo ya kusukumia nje maganda. Leo bastola hizo zinatafutwa kwa udi na uvumba, na hakuna anayeziita zilizoharibiwa.

Jeshi la Marekani likafanya zaidi ya hapo. Colt ya 1873, ile ambayo kila mtu anaijua kwa filamu za ng'ombe na farasi, jeshi liliinunua ikiwa na mtutu wa inchi saba na nusu. Katika miaka ya 1890 nyingi zilirudishwa, zikafupishwa hadi inchi tano na nusu, na katika kuziunganisha upya vipande vikachanganywa: fremu ya namba hii, mtutu wa namba ile. Kwa kipimo cha kawaida cha wakusanyaji, mtutu uliokatwa pamoja na namba zisizolingana ni dhambi mbili kwa mpigo. Lakini hizo zina jina lao la heshima, Artillery (yaani za kikosi cha mizinga), na yenye namba zote zinazolingana ndiyo inayotiliwa shaka!

Basi nauliza: kwa nini msumeno wa serikali uwe historia na tupa ya mtu wa kawaida iwe uharibifu? Nitajibiwa kwamba jeshi liliacha kumbukumbu na fundi wa mtaani hakuacha. Ni kweli, na hiyo ndiyo sababu chuma chenyewe kinapaswa kulindwa, kwa kuwa ndiyo kumbukumbu pekee iliyobaki.

Kuna mabadiliko ninayoyakataa bila kusita, nayo ni ya udanganyifu. Mtu hukata mtutu leo ili auze bastola kwa hadithi ya mcheza kamari au askari wa siri. Hapo macho yafanye kazi. Mkato wa zamani umeungana na chuma kilichouzunguka: rangi ni moja, vishimo vya kutu vimeingia hadi kwenye mikwaruzo ya tupa, kingo zimelainika kwa kuvaliwa. Mkato mpya una kingo zinazochoma kidole, au umepakwa dawa ya kuuzeesha, na rangi yake inasimama peke yake. Nikeli iliyopakwa juu ya vishimo vya kutu ilikuja baada ya kutu, hata muuzaji aape namna gani. Tazama pia namba. Colt walizipiga kwenye fremu, mtutu, kinga ya kifyatulio, hata kwenye kabari. Pale ambapo namba inaonekana bapa na herufi zimeyeyuka kingo, msasa umepita.

Na hao wa msasa ndio wanaonisikitisha kuliko wote. Wananunua bastola kama yangu, wanaunganisha mtutu kwa lehemu, wanang'arisha, wanapaka rangi ya buluu mpya, wanaagiza wenzo wa nakala. Mwishowe wanabaki na kitu ambacho si cha kiwandani tena na wala si cha yule aliyekivaa. Mchoro wa silinda, ambao miaka zaidi ya mia moja haikuumaliza, gurudumu la kung'arishia linaumaliza kwa dakika chache.

Kuhusu kuipiga risasi, sitarefusha: usiipige. Mtu aliyekuwa na tupa na haja hakupima uimara wa chuma. Webley nyingi, bastola za Uingereza za kaliba .455, zilikwanguliwa nyuma ya silinda ili zikubali risasi za Kimarekani za .45 ACP, ambazo msukumo wake unazidi ule ambao bastola hizo zilijaribiwa nao. Kwenye sheria pia mabadiliko yana uzito. Nchini Marekani sheria ya shirikisho huangalia kama silaha ilitengenezwa mwaka 1898 au kabla. Nchini Uingereza aina ya risasi inayoingia ndani ina neno lake, hivyo silinda iliyotobolewa upya kwa risasi zinazopatikana inaweza kuiondoa bastola kwenye kundi la vitu vya kale.

Yangu naipaka nta kidogo, skrubu sizigusi, na nimeandika kwenye kadi kila badiliko ninaloliona, likitenganishwa na lile ninalolikisia tu. Siku nikiiuza, kadi itakwenda nayo. Nawaomba wanaouza wafanye vivyo hivyo: andikeni wazi kwamba mtutu umekatwa, pigeni picha ya mdomo kwa karibu, kisha tajeni bei yenu bila kuomba radhi.