Nchi Nyepesi Kuingia, Nchi Nyepesi Kubaki

Kila ninapokutana na wanandoa ambao mmoja ni Mthai na mwenzake ametoka nchi nyingine, jambo la kwanza wanaloniuliza ni muda: viza ya mke kwenda Uingereza huchukua miezi mingapi, na je, si ingekuwa haraka zaidi mume akihamia Thailand? Swali hilo ninalielewa vizuri, kwa sababu nililiuliza mimi mwenyewe mwaka 2018, nikiwa mzaliwa wa Mombasa mwenye uraia wa Uingereza, na mke wangu akiwa kwao Khon Kaen, katika nyanda za Isan, kaskazini mashariki mwa Thailand. Leo naamini kwamba swali hilohilo ndilo linalowapoteza wengi. Nchi iliyo nyepesi kuingia si lazima iwe nyepesi kubaki, na wanaochagua makazi kwa kutazama foleni ipi ni fupi huja kutambua, tena wakiwa wamekwisha kuhama, kwamba foleni ilikuwa sehemu ndogo tu ya jambo lenyewe.

Harusi yetu ilifanyika nyumbani kwa wakwe zangu mwishoni mwa mwaka 2017. Asubuhi yake mahari, ambayo Wathai huiita sinsod, iliwekwa juu ya sinia mbele ya wazee ikahesabiwa hadharani, noti kwa noti, jambo ambalo ndugu zangu wa Pwani hawakuhitaji kufasiriwa. Kisha wazee walitufunga nyuzi nyeupe za pamba kwenye vifundo vya mikono, kila mmoja akitutakia heri kwa sauti ya chini, na tukaagizwa tusizikate kabla ya siku tatu kupita. Mimi nilikuwa nimeingia nchini kwa pasipoti ya Uingereza bila kuomba viza yoyote. Kaka yangu mkubwa, mwenye pasipoti ya Kenya, aliyekuja kunisimamia kwa niaba ya marehemu baba yetu, alilazimika kufunga safari ya Nairobi kupeleka maombi ubalozini pamoja na taarifa za benki, barua ya mwaliko na tiketi, na juu ya hayo akabeba cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ambacho msafiri anayetoka Kenya hudaiwa anapofika Thailand. Tumezaliwa tumbo moja, tukaenda harusi moja. Tangu siku ile sikubali tena mtu aniambie kwamba Thailand ni nchi rahisi kuingia bila kuniambia kwanza ameshika pasipoti gani.

Ndoa yenyewe tuliisajili katika ofisi ya wilaya, inayoitwa amphoe, na baada ya hati ya kuthibitisha kwamba sina mke mwingine kutafsiriwa na kugongwa mihuri yake, cheti kilitoka siku hiyohiyo. Hapo ndipo tulipoanza kungoja. Mwezi Machi 2018 mke wangu alipeleka maombi ya viza ya Uingereza: cheti cha kupimwa kifua kikuu, cheti cha mtihani wa Kiingereza, hati zangu za mshahara, picha za sinia na za nyuzi mikononi, na kurasa nyingi za mazungumzo yetu ya simu zilizochapwa, kwa kuwa ndoa ya watu walio mbalimbali hutakiwa ithibitishwe kwa karatasi. Yeye alikuwa mwalimu wa chekechea. Mwaka wa shule Thailand huanza katikati ya Mei, na mkataba wake mpya ulikuwa tayari mezani, ukingoja sahihi tu. Hakuutia sahihi, kwa sababu sisi wawili tulikuwa tumepiga hesabu kwamba viza ingetoka Juni. Ilitoka Novemba.

Miezi ile ilitufundisha mengi kuliko viza yenyewe. Kila siku saa nne usiku kwao, ambayo majira ya kiangazi ni saa kumi jioni huku Uingereza, nilitoka nje ya jengo la kazini nikasimama kando ya maegesho ya magari ili tuzungumze, na kila siku aliniuliza, "Phi, kuna barua?" Phi ni kaka mkubwa, ndivyo wake wengi wa Kithai wanavyowaita waume zao, na sisi Waswahili, ambao heshima ya umri tumeikuta katika kila salamu, hatuoni ugeni wowote ndani yake. Barua haikuwapo. Shule ilikwisha kumpata mwalimu mwingine, na yeye akakaa nyumbani akimsaidia mama yake kuuza somtam, ile saladi ya papai bichi linalotwangwa kwa pilipili na ndimu, akiogopa hata kuanza kazi ya muda mfupi asije akaitwa kesho yake. Kosa halikuwa kungoja, kwa maana kungoja hakukuwa na budi. Kosa letu lilikuwa kuishi kana kwamba maisha yamesimama. Mtu akinitaka ushauri leo, namwambia mwenzi aliyebaki Thailand asiache kazi, asiuze pikipiki, asikatae mkataba, asirudishe ufunguo wa chumba, mpaka aione viza kwa macho yake. Kazi unaweza kuiacha kwa notisi ya mwezi mmoja, lakini mwaka wa shule uliokupita haurudi.

Tangu wakati huo mlango wa Uingereza umezidi kuwa mzito. Sisi tulitakiwa kuonyesha kipato cha pauni 18,600 kwa mwaka, kiwango kilichowekwa mwaka 2012. Kuanzia Aprili 2024 kiwango ni pauni 29,000, na anayetaka kutegemea akiba peke yake hana budi kuwa na pauni 88,500. Ada ya huduma ya afya imekuwa pauni 1,035 kwa kila mwaka, hivyo kwa viza ya kwanza ya miezi 33 mwombaji hulipa pauni 3,105, mbali na ada ya maombi yenyewe. Ninalisema wazi kwamba naliona jambo hili kuwa dhuluma. Mtu anayewahudumia wazee katika nyumba za kulelea, au anayepanga bidhaa dukani usiku, huenda akafanya kazi kwa bidii mwaka mzima na bado asifikie kiwango hicho, na maana yake ni kwamba sheria imempangia bei ya kulala nyumba moja na mke wake.

Hata hivyo mlango huo, kwa uzito wake wote, una mwisho. Baada ya miezi 33 mke huongezewa miezi 30, na akitimiza miaka mitano, akafaulu mtihani wa lugha na ule wa maisha ya Uingereza, huomba ukaazi wa kudumu. Mke wangu aliupata mwanzoni mwa mwaka 2024. Siku ile tulipika wali wa kunata tukala kwa mikono, na sikumbuki kama tulizungumza jambo lolote la maana, ila kwamba kwa mara ya kwanza tangu harusi hapakuwa na tarehe iliyozungushiwa wino mwekundu kwenye kalenda ya jikoni.

Thailand mambo yako kinyume. Mume mgeni aliyeoa Mthai anaweza kuwa anakula mezani kwa wakwe zake ndani ya wiki chache, na nawaelewa kabisa wanaochagua njia hiyo wakiwa wamechoka na habari za kungoja. Lakini anachopewa ni kibali cha mwaka mmoja, na mwaka ukiisha ni mwaka mwingine. Hutakiwa awe na baht 400,000 katika benki ya Thailand zilizokaa humo miezi miwili kabla ya maombi, au kipato cha baht 40,000 kwa mwezi, alipe baht 1,900, kisha aonyeshe tena kwamba ndoa ipo: picha ya wawili mbele ya namba ya nyumba, picha ya wawili sebuleni. Kila siku 90 hutoa taarifa ya mahali anapoishi. Akisafiri bila kuchukua kwanza kibali cha kurudi, kile cha mwaka mzima hufutika. Namfahamu mzee mmoja wa Ulaya katika wilaya ya wakwe zangu ambaye amekuwa akifanya hivyo miaka mingi, ana wajukuu, anaongea Kilao cha Isan bila kigugumizi, na kila mwaka hupiga picha ileile mbele ya geti lilelile.

Ukaazi wa kudumu upo, lakini kila taifa limetengewa nafasi 100 tu kwa mwaka, na kwa kawaida mwombaji hutakiwa awe amefanya kazi kwa kibali na kulipa kodi miaka mitatu mfululizo. Na kazi zenyewe si zote anazoruhusiwa. Zimo katika orodha ya kazi za Wathai peke yao kunyoa nywele, kuongoza watalii na nyinginezo kadhaa. Nikisimama nyuma ya meza ya mama mkwe kutwanga papai ili yeye apumzishe mgongo, nafanya kazi bila kibali. Ardhi nayo mgeni haruhusiwi kuimiliki. Mke anaweza kuinunua, lakini mume hutia sahihi mbele ya afisa wa ardhi kwamba fedha zilizolipwa ni mali ya mke pekee, hata kama alizituma yeye kutoka Leeds au Hamburg baada ya miaka kumi ya kazi za usiku.

Kwa hiyo wanandoa hawachagui kati ya nchi ngumu na nchi rahisi. Wanachagua nani kati yao atakuwa mgeni, na kwa muda gani. Njia ya Uingereza inamtwika mke wa Kithai ugeni mkubwa kwa miaka mitano, kisha inampunguzia mzigo. Njia ya Thailand inamtwika mume ugeni mwepesi ambao hautui. Nchi nyingine hufuata zaidi ile njia ya kwanza, kila moja kwa mtindo wake: Ujerumani humtaka mke awe amefaulu Kijerumani cha ngazi ya kwanza kabla ya viza, Australia hutoa kibali cha muda kabla ya kile cha kudumu, na Marekani humpa aliyeolewa chini ya miaka miwili ukaazi wenye masharti kwanza.

Jambo ambalo wanandoa hawapendi kulizungumza, nami naona ndilo lingepaswa kutangulia, ni kifo. Mume Mwingereza akifa mke akiwa bado katika ile miaka mitano, sheria inamruhusu mjane kuomba ukaazi wa kudumu papo hapo. Nchi iliyomsumbua mlangoni haimfukuzi matangani. Lakini mke Mthai akifa Khon Kaen, kibali cha mume kilichoegemea ndoa kinakosa pa kuegemea, na mume asipokuwa na msingi mwingine, kama vile kutimiza miaka 50 na kuwa na baht 800,000 benki, au kuwa na mtoto Mthai aliye chini ya miaka 20, atafunga mizigo wakati majivu ya mkewe hayajatulia katika chungu chake hekaluni. Hata shamba akilirithi, atatakiwa kuliuza ndani ya mwaka mmoja. Nimewaona wanaume wazima waliojenga nyumba ya vyumba vinne bila hata siku moja kukaa na wake zao wakaulizana hilo.

Sasa na sisi tunafikiria kurudi. Mama mkwe, tunayemwita Mae, ana miaka 74 na magoti hayamsaidii tena, na mke wangu ni binti pekee, jambo ambalo Isan lina uzito mkubwa, kwa kuwa kwa desturi ni binti anayebaki na wazazi na mkwe ndiye anayehamia kwao. Nimeulizwa na rafiki zangu kwa nini nirudi kuwa mgeni baada ya kumaliza shida zote za huku. Jibu langu ni kwamba mke wangu zamu yake ya ugeni ameitimiza, na sasa ni yangu. Tunapanga kwa uangalifu, tena bila haraka. Ukaazi wa kudumu wa Uingereza hupotea mtu akikaa nje miaka miwili mfululizo, kwa hiyo ataomba kwanza uraia. Pensheni yangu ya serikali, wakati wake ukifika, haitapandishwa mwaka hadi mwaka nikiwa Thailand, na hesabu zetu zimefanywa kwa kiwango kilichosimama palepale.

Kuhusu ardhi, tumepata njia iliyonituliza moyo. Mae ana shamba la rai nne, kama ekari moja na nusu hivi, lenye hati kamili yenye nembo nyekundu ya Garuda, yule ndege wa hadithi aliye nembo ya dola ya Thailand. Shamba litabaki katika ukoo wao kama inavyostahili, lakini yeye amekubali kunisajilia haki ya kulitumia maisha yangu yote, haki ambayo huandikwa kwenye hati yenyewe katika ofisi ya ardhi na ambayo kifo cha mke wangu hakiwezi kuifuta. Kithai huiita sitthi kep kin, na ukiifasiri neno kwa neno ni haki ya kuchuma na kula. Mke wangu alipomweleza mama yake kwa simu, alisikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja tu, kama haki hiyo inahusu pia ile miembe mitatu ya upande wa barabarani. Tukamwambia inahusu. Akasema basi nije kabla ya Aprili, kwa sababu mwaka huu imebeba sana.