Mpeni Mama Ofu, Sifa Anazo za Kutosha

Jumapili ya kina mama kanisani kwetu hapa Umoja, Nairobi, dadangu aliitwa mbele. Mwenyekiti wa kina mama akashika maikrofoni akatangaza kwamba huyu ndiye mama jasiri wa mwaka, na kwamba Mungu hampi mtu mzigo asioweza kuubeba. Vigelegele. Akafungwa leso mbili na kukabidhiwa chupa ya chai, ile kubwa ya kupelekea wageni. Mimi nilikuwa kiti cha nyuma karibu na mlango, mwanawe nimempakata, kwa sababu akipiga kelele wakati wa mahubiri wazee hugeuza shingo. Katika umati wote uliosimama kumshangilia, hakuna hata mmoja aliyewahi kukaa na yule mtoto saa moja ili mama yake aende saluni. Saluni nasema. Sijataja hospitali.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, ndiyo, lakini siku ile ulipigiwa makofi pia.

Kijana wetu ana miaka 11. Ana mtindio wa ubongo na kifafa, haketi bila kushikiliwa, hasemi. Wenye watoto kama yeye ruka aya hii. Nyinyi wengine niwaeleze jambo moja tu, kula. Unaweka kichwa chake kwenye mkunjo wa mkono, kidevu kimeinama kidogo, maana akitazama juu uji unapotea njia. Kijiko hakijai, unatia nusu, kwa upande wa shavu. Halafu unangoja. Unatazama koo lake mpaka lipande na kushuka, ndipo unatia kingine. Ukiharakisha anapaliwa, na mtoto huyu akipaliwa ni nimonia, na nimonia ni kulazwa. Bakuli moja linaweza kula saa nzima. Uji ukiisha kuna dawa ya kifafa, unaivuta kwa bomba la sindano na kuidondosha mdomoni, na saa yake haipitwi. Kisha nepi, kwenye mwili wa miaka 11. Kisha usiku unaamka kumgeuza asifanye vidonda. Sisi tuko ghorofa ya nne na lifti ni kitu tunachokionaga mjini. Mgongo wa dadangu umeisha, na hajafika arobaini.

Sasa nitazame Sheria ya Ajira ya mwaka 2007. Inasema mfanyakazi apate angalau siku moja ya mapumziko kila siku saba, na likizo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka, mshahara ukiwa kamili. Askari wa geti letu ana ofu. Dada wa kazi wa jirani ana ofu Jumapili, akinyimwa anafungasha. Makanga akichoka anampa mwenzake squad, yaani zamu, ya jioni na matatu inaendelea. Mama wa mtoto huyu hana wa kumwachia zamu. Akipata homa, zamu ni yake. Akifiwa kijijini, anasafiri na mtoto mgongoni au anatuma rambirambi kwa simu. Baba wa mtoto? Alienda Mombasa kutafuta kazi. Bila shaka bado anaitafuta.

Kuna watakaonikumbusha Inua Jamii, zile fedha za serikali kwa wasiojiweza. Sawa, siikatai. Shilingi 2,000 kwa mwezi kwa mwenye ulemavu mkubwa si matusi, na zikiingia zinaonekana. Zinaonekana zikigeuka nepi, na nepi za saizi hiyo haziufikishi mwezi mwisho. Hata kama zingekuwa elfu ishirini, nionyesheni mtu wa kumlipa. Kina mama wa deikea mtaani wanapokea kila mtoto anayetembea. Wakimwona wetu wanasema watoto wengine wataogopa. Mmoja alikubali, kwa bei maradufu. Dadangu aliporudi jioni alimkuta amelala vilevile alivyomwacha asubuhi, ubavu uleule, nepi ileile, uji umeganda kwenye kikombe. Yule mama hakuwa mkatili. Alikuwa na watoto kumi na wengine wanapanda dirisha, na hakuna aliyewahi kumfundisha kumshika mtoto wa aina hii.

Hapo ndipo wengi mnapojikwaa mkidhani hawa kina mama wanajifanya tu hawawezi kumwachia mtu mtoto. Mtoto hasemi! Akifinywa hawezi kusema amefinywa. Akiguswa vibaya hawezi kusema. Mlezi akisahau dawa na mtoto akashikwa na kifafa, hatakueleza jioni kilichotokea. Nani kati yenu angemwacha mtoto kama huyo kwa mgeni? Kwa hivyo pumziko lenyewe lisipokuwa na watu waliochunguzwa na kufundishwa, watu walewale kila wiki ambao mtoto amezoea sauti zao, mama atakaa nje kwenye ngazi akisikiliza. Hapo hajapumzika.

Na msiniambie ni anasa ya Wazungu. Uingereza, kweli, ina kanuni za mwaka 2011 zinazozitaka halmashauri zao kuwapa wazazi wa watoto wenye ulemavu nafasi ya kupumua, na hata huko wazazi wanalalamika kwamba bajeti inakatwa. Lakini sisi pia tuliweka sahihi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, tuliouridhia mwaka 2008, unataja waziwazi katika ibara ya 28 huduma ya kuwapumzisha walezi, miongoni mwa msaada ambao familia maskini zinastahili kupewa na serikali. Katiba yetu, kifungu cha 2(6), inasema mkataba tuliouridhia ni sehemu ya sheria ya Kenya. Basi tunadai deni.

Kinachonikera zaidi ni kwamba serikali hiyohiyo ina mkakati wa mwaka 2022 hadi 2032 wa kuwatoa watoto kwenye makao ya kulelea watoto na kuwarudisha katika familia. Wazo zuri, naliunga mkono. Mtoto akue nyumbani. Lakini mnajua wengine wao walifikaje makaoni? Mama alichoka. Hakuamka siku moja akamchukia mwanawe. Alichoka mwaka wa kwanza, wa tatu, wa saba, hakuna aliyempokea hata Jumamosi moja, mwisho akamwacha mahali ambapo alijua ataokotwa. Ukimrudisha mtoto huyo kwenye nyumba ileile yenye mtu mmoja yuleyule ambaye halali, umefanya nini? Fedha zinazookolewa kwa kufunga makao ziende wapi kama si kwa kumpunguzia huyo mama zamu?

Shule za bweni za watoto maalum zingesaidia kidogo, ila tulizozizunguka zinataka mtoto anayejipeleka choo. Basi.

Ninachotaka si jengo lenye jiwe la msingi na jina la mheshimiwa. Nairobi ina wadi 85. Chumba kimoja kwa kila wadi, ghorofa ya chini, chenye magodoro, maji na choo anachoingia mtu na kiti cha magurudumu. Siku mbili kwa wiki, asubuhi hadi saa tisa. Wale wahudumu wa afya wa mitaani waliokabidhiwa mabegi ya vifaa vya kazi mwaka 2023 wanazijua nyumba zetu tayari. Wafundishwe kulisha, kugeuza na kukabili kifafa, na walipwe siku hizo kama kazi, si kama kujitolea. Kina mama wenyewe ndio wawe walimu wao, nao walipwe pia.

Vikao vya maoni ya wananchi kuhusu bajeti huitwa asubuhi ya siku ya kazi. Kina mama hawa huwaoni humo, maana watoto wangebaki na nani? Safari hii naenda mimi, na daftari la majina na nambari za vitambulisho vyao. Walio Umoja na Kayole wanaotaka kuongezwa, nitumieni ujumbe mseme ploti na ghorofa. Nitawafuata nyumbani kuchukua sahihi, msihangaike kushuka.