Homoni ya ukuaji: ni lini ufupi huwa ugonjwa?

Mtoto ambaye tezi yake ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, haitoi homoni ya ukuaji ya kutosha anahitaji kuongezewa homoni hiyo kwa sindano, na juu ya hilo madaktari hawabishani. Zamani ilitolewa kwenye tezi za maiti, hadi ilipobainika kwamba baadhi ya waliodungwa walipata ugonjwa wa Creutzfeldt-Jakob, ambao huharibu ubongo na hauna tiba. Mwaka 1985 Marekani iliidhinisha homoni ya maabara: jeni ya binadamu hupandikizwa ndani ya bakteria, nao huizalisha protini hiyo kwa wingi.

Sindano hudungwa chini ya ngozi, kwa kawaida jioni, kwa kuwa mwili wenyewe huitoa homoni hii zaidi usingizini. Homoni hulichochea ini kutoa IGF-1, homoni nyingine ya ukuaji, na kwa pamoja hukuza gegedu zilizo karibu na ncha za mifupa mirefu. Gegedu hizo zikishageuka mfupa mwishoni mwa balehe, hakuna dozi itakayomrefusha mtu, jambo ambalo wauzaji wa dawa za kurefuka hulinyamazia.

Ubishi ulikolea mwaka 2003, Marekani ilipoiruhusu pia kwa watoto wafupi mno ambao ufupi wao hauna sababu inayojulikana. Wanaoitetea husema kwamba wasichana wenye sindromu ya Turner, hali ya kuzaliwa nayo ya kukosa kromosomu moja ya X au sehemu yake, hutibiwa ingawa kwa kawaida hawana upungufu wa homoni; kwa nini basi mtoto mwenye kimo kilekile anyimwe, eti kwa sababu ufupi wake haujapewa jina? Hoja hiyo ina uzito, nami sijaona jibu linaloimaliza. Wapinzani hutazama hesabu: sindano ya kila siku kwa miaka mitano ni zaidi ya sindano 1,800, na faida ya wastani kwa watoto hao ni takribani sentimita tano, huku wengine wakiambulia pungufu ya hapo. Madhara makubwa ni nadra, lakini shinikizo ndani ya fuvu na kuteguka kwa kichwa cha mfupa wa paja hutokea.

Kwa maoni yangu, mizani huelemea tiba pale kipimo kinapoonyesha upungufu, na pia kwa Turner au ugonjwa sugu wa figo, ambao nao hudumaza ukuaji. Kwa mtoto mzima wa afya, ningetaka kwanza kujua nani hasa anayesumbuliwa na kimo hicho, yeye au wazazi wake.