Leseni iwe ya anayeshika spana

Ninaunga mkono leseni kwa mafundi wanaofunga mashine za kusafisha maji majumbani, na ninataka iwe ya fundi mwenyewe, si ya kampuni peke yake. Jimbo la California, Marekani, lina leseni maalumu ya kazi hii, C-55, na anayefanya mtihani kwa niaba ya kampuni lazima awe na uzoefu wa miaka 4. Sharti zuri hilo. Lakini huyo mmoja akishafaulu, wale anaowaajiri wanaruhusiwa kuingia jikoni kwako bila kutahiniwa na mtu. Texas leseni ni ya mtaalamu binafsi, tena kwa madaraja 3. Mimi niko upande wa Texas.

Wapo wanaosema kufunga chujio ni nati mbili tatu tu, leseni ya nini? Tuchukue bomba moja, lile la kutolea maji taka ya mashine. Mashine ya kulainisha maji, yaani kuyaondolea madini ya chokaa, hujisafisha kwa maji ya chumvi, kisha huyamwaga. Fundi asiyefundishwa hulichomeka bomba hilo ndani kabisa ya bomba la maji machafu na kulibana lisivuje. Kwa macho, kazi safi. Siku bomba kuu la mtaa likipasuka na presha ikashuka, uchafu unaweza kufyonzwa ukarudi kwenye mashine ile ile uliyoinunua ikusafishie maji. Kinga yake haina gharama: mdomo wa bomba uachwe ukining'inia juu ya tundu la maji machafu, kwa nafasi ya hewa isiyopungua kipenyo cha bomba mara mbili.

Chicago, mwaka 1933, maji machafu yalipenya kwenye maji ya kunywa ya hoteli mbili kupitia mabomba yaliyounganishwa vibaya. Watu zaidi ya 1,400 waliugua kuhara damu kwa amiba, na 98 wakafariki.

Tena ujuzi wa fundi bomba wa kawaida hautoshi. Katika nyumba nyingi za zamani waya wa ethi umefungwa kwenye bomba la maji la chuma. Ukikata kipande cha bomba hilo ukaweka mashine yenye viungo vya plastiki, umekata na njia ya umeme unaovuja kwenda ardhini. Inatakiwa waya mnene wa shaba uvuke kutoka upande mmoja wa bomba hadi wa pili. Hilo liwemo kwenye mtihani, pamoja na kusoma majibu ya maabara kabla ya kuchagua mashine, maana taa ya kuulia vijidudu haifanyi kazi ipasavyo kwenye maji ya tope, na chujio la mkaa huondoa klorini iliyokuwa ikiyalinda maji.

Najua hofu ya mafundi waliojifunzia kazini, na ni ya haki. Leseni ya bei kubwa itawafungia nje watu hodari. Basi waruhusiwe kuingia moja kwa moja kwenye mtihani wa vitendo, bila kudaiwa cheti cha chuo, na ada iwe ndogo. Atakayefaulu apewe namba yake, na kila anapomaliza kazi aiandike kwenye mashine yenyewe pamoja na tarehe, ili maji yakiharibika ajulikane wa kuulizwa.