Rekodi Kwanza, Dola Baadaye

Mbunge Ken Okoth alipomwandikia Spika wa Bunge la Taifa la Kenya, Justin Muturi, Septemba 2018, akiomba kusaidiwa kuandaa mswada wa bangi, mzaha ulianza kabla wino haujakauka. Mheshimiwa wa Kibra anataka watu wavute! Waliosoma barua yenyewe walikuwa wachache. Alitaka kupanda na kutumia bangi kusiwe tena jinai, wakulima na watengenezaji wapewe leseni, utafiti ufanywe, kodi itozwe. Na humo humo akaweka ombi ambalo kwangu mimi ndilo uti wa mgongo wa barua nzima: waliowahi kuhukumiwa wasamehewe na rekodi zao zifutwe.

Okoth alifariki Julai 2019 kwa saratani ya utumbo. Mswada haukuwa sheria. Ombi la rekodi nalo likazikwa kimya kimya, maana waliopokea kijiti baada yake walikuwa na hesabu nyingine.

Hesabu yenyewe ni ya dola. Mwaka 2022 Profesa George Wajackoyah, mgombea urais, alizunguka nchi na chama chake cha Roots, umati ukiitikia "tingiza mti", akituahidi kwamba bangi ya kuuzwa nje italipa deni la taifa. Akaongezea ufugaji wa nyoka na biashara ya korodani za fisi. Tulicheka, tukacheza, kisha siku ya kura ilipofika akapata 61,969, yaani asilimia 0.44. Simlaumu kwa kila kitu. Aliifanya bangi itajwe kwenye meza za chakula ambako zamani ungefukuzwa kwa kuitaja. Lakini tangu hapo, ukianzisha mada hii popote, swali la kwanza ni kilo moja inauzwa bei gani Ulaya. Hakuna anayeuliza ni nani yuko rumande gereza la Shimo la Tewa.

Anayetaka kujua sheria hii inamlenga nani, aende akaketi kwenye mahakama ya hakimu Jumatatu asubuhi, baada ya misako ya wikendi. Vijana wanaingia kizimbani mmoja mmoja, wengine wakiwa na ndara mguu mmoja. Karani anasoma shtaka haraka haraka: ulipatikana na misokoto miwili ya bangi, kinyume cha sheria. Bahasha ya kaki iko mezani, misokoto imo ndani. "Ni ukweli ama si ukweli?" "Ni ukweli." Anakubali kwa sababu amekwisha piga hesabu zake: akikana atatakiwa dhamana asiyokuwa nayo, arudi rumande, asubiri ripoti ya mkemia wa serikali, na kesi itajwe na kutajwa tena. Akiulizwa kama ana la kusema, anaomba mahakama imhurumie, ni yeye anayemtegemeza mamake. Anapigwa faini. Dakika chache tu, anaitwa mwingine.

Huyo ndiye aliyefika mahakamani. Wenzake wengi walimalizana na afisa njiani, tunajua kwa nini, na hakuna kitabu cha serikali kitakachoonyesha walitoa kiasi gani.

Sheria ya dawa za kulevya ya 1994 ilikuwa kali kupita kiasi. Hata ukiiridhisha mahakama kwamba bangi ni ya kuvuta mwenyewe, kifungo kilitajwa kuwa miaka 10. Vinginevyo ni 20. Mahakimu wengi hawakufika huko, na Bunge likaifanyia marekebisho mwaka 2022. Lakini kuvuta bado ni kosa, na kosa likithibitishwa linaandikwa. Kijana wa misokoto miwili akilipa faini anadhani yameisha. Yanaanza siku anapolipa shilingi 1,050 kuomba cheti cha mwenendo mwema. Bila cheti hicho kampuni ya ulinzi haimtaki, na ajenti wa kazi za Saudia na Qatar hata faili yake hafungui. Watu wa pwani hawahitaji kuelezwa maana ya kuikosa Ghuba kwa ajili ya karatasi moja.

Ndiyo maana sifurahishwi na harakati zinazoanza na leseni. Lesotho ilianza kutoa leseni za bangi ya matibabu 2017. Rwanda ikaidhinisha kilimo cha bangi ya kuuza nje 2020. Magazeti yetu yaliandika kana kwamba ukombozi umefika. Rwanda mwekezaji anaweza kuilima ndani ya ua uliolindwa, akaisafirisha, lakini raia akiivuta anakamatwa kama zamani.

Na sisi wenyewe tuna mfano hapa nyumbani, sijui kwa nini haututoi usingizini. Mwaka 2010 Kenya ilihalalisha chang'aa, pombe kali ya kienyeji, kupitia ile tuliyoizoea kama Sheria ya Mututho. Kwenye karatasi, mama pima, yule anayeipika na kuiuza, alikuwa huru. Kisha yakaja masharti: leseni, viwango vya ubora, chupa zisizopungua mililita 250. Mama mwenye pipa moja nyuma ya nyumba angetoa wapi mashine ya kujaza chupa? Akaendelea kupika kwa kujificha, na polisi wakaendelea kumwaga pipa lake. Bangi ikifuata njia hiyo, mkulima mdogo atabaki mhalifu yule yule, isipokuwa sasa atakuwa anashindana na kampuni yenye cheti ukutani.

Afrika Kusini ilipita mlango mwingine, na ilikuwa mwezi ule ule wa barua ya Okoth. Gareth Prince, Rasta aliyesomea uanasheria akanyimwa nafasi ya kuifanya kazi hiyo kwa sababu ya bangi, alishindwa katika Mahakama ya Katiba 2002 kwa kura tano dhidi ya nne. Hakukaa chini. Septemba 2018 mahakama hiyo hiyo ikaamua kwamba mtu mzima kuvuta na kupanda kwake faraghani si jinai. Sheria yenyewe ilitiwa saini Mei 2024, na imo njia ya kufuta rekodi za waliohukumiwa zamani. Biashara bado wanaijadili. Walianza na binadamu.

Kwetu, Marasta waliwasilisha ombi lao Mahakama Kuu 2021, wakidai haki ya kuitumia bangi kwa ibada faraghani. Nawaunga mkono, tena wana msingi: mahakama ilikwisha kutamka 2019, katika kesi ya mwanafunzi aliyefukuzwa shule kwa dredi, kwamba Urasta ni dini. Wasiwasi wangu ni kwa yule asiye na dredi. Msamaha wa dini moja utamwacha kijana wa Kisauni pale pale kizimbani.

Kina mama wataniuliza, na wana haki: wewe unataka watoto wetu waharibike? Hapana. Bangi si mchicha. Kuna vijana wanaochanganyikiwa nayo, hasa walioanza wadogo, na sheria yoyote mpya lazima iweke umri na imkamate anayeendesha matatu akiwa amelewa. Lakini mtoto wa misokoto miwili akifungwa, analala sako kwa bako na wauza unga, na pwani hii unga tunaujua umemaliza nyumba ngapi.

Uchaguzi ni Agosti 2027, na watingiza miti hawatakosekana. Akija mmoja barazani na hesabu zake za dola, asisindikizwe na vigelegele tu. Aulizwe mswada wake uko wapi, kifungu cha kufuta rekodi ni cha ngapi, na leseni itamgharimu kiasi gani mtu wa nusu ekari. Asipokuwa na majibu, aelekezwe kwenye barua ya Okoth. Haikuwa ndefu.