Ukienda kununua lavabo, beba sufuria yako

Jumamosi moja asubuhi nilishuka Birere, sokoni hapa Goma, na sufuria kubwa kichwani, ile tunayosongea bugali wageni wakija. Watu walinitazama. Nilikuwa naenda kununua lavabo, yaani sinki ya jikoni, ya pili ndani ya miaka miwili, na safari hii sikutaka mtu anipimie kwa macho.

Ile ya kwanza ilipendeza kweli. Ilikuwa na beseni mbili, iking'aa kama kioo, na muuzaji alituambia, "Mama, hii ndiyo ya kisasa. Huku unaosha, huku unasuuza." Tukalipa, tukamwita kijana wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, ikafika nyumbani bila hata mkwaruzo. Jioni ile nilipika bugali, na sufuria ikakataa kuingia. Nikailaza ubavu, mdomo ukabaki nje. Kila nilipokwangua ukoko, maji yalikimbia juu ya meza, yakaingia kabatini, yakanilowesha kitenge hadi magotini. Tangu siku hiyo sufuria zote kubwa zikarudi kuoshwa uani, chini, mtu ameinama, na lavabo ikabaki ya vikombe na vijiko.

Kwa hiyo nasema wazi: jikoni kwa Goma, nunua beseni moja, pana na lenye kina. Beseni mbili zinamfaa mtu ambaye maji yanatoka bombani mchana kutwa na chungu chake kikubwa ni cha watu wanne. Sisi siku nyingi maji yanatufikia kwa bidoni, yaani madumu, na hakuna mama anayesuuza vyombo vya familia nzima kwa maji yanayotiririka. Tunasuuza kwenye beseni la plastiki lililowekwa pembeni, halafu maji yale yale yanakwenda kudekia. Mahali pa beseni la pili, afadhali upate ubao wa kuchujia sahani, ule wenye mifereji inayorudisha maji ndani.

Kwangu kilichofaa ni nafasi ya ndani ya sentimita 50 kwa 40, na kina cha 18 hadi 20. Usivutwe na kina zaidi ya hapo. Simama wima mbele ya meza, shusha mikono, uone kama ncha za vidole zinafika chini ya beseni. Ukilazimika kukunja mgongo ili kufika, kiuno chako kitalipa kila siku, asubuhi na jioni.

Halafu bonyeza. Weka kidole gumba katikati ya beseni na ukandamize kwa nguvu. Bati jembamba linabonyea na kurudi kwa kelele, *kop*, kama kifuniko cha kopo la maziwa. Lavabo yetu ya kwanza ilikuwa hivyo. Bidoni ya lita 20 ni kilo 20 na kitu, na wote tunafanya hivyo hivyo: tunaipumzisha ukingoni, tunaiinamisha, tunamimina. Baada ya miezi michache ukingo ulikuwa umepinda, gundi imeachia, na mbao za chini zimevimba kwa unyevu. Tafuta chuma cha unene wa milimita 0.8, au 1 kama mfuko unaruhusu. Igeuze utazame mgongo wake, nzuri huwa na mpira au rangi nzito ya kupunguza kelele. Ukikuta imeandikwa 18/10, maana yake ni asilimia 18 ya kromi na 10 ya nikeli, nayo haishikwi na kutu kirahisi. Nilikwenda pia na sumaku ndogo. Ikinata kabisa, ujue nikeli ni haba au haipo. Isiponata bado si uthibitisho, kwa sababu viko vyuma vya bei ya chini ambavyo navyo havishiki sumaku. Ndiyo maana kidole gumba nakiamini zaidi.

Zile nyeupe za kauri sizitaki, na sababu ni sufuria zetu za alumini. Zinaacha mistari ya kijivu kwenye kauri kila zinapoburutwa, na kuiondoa ni kazi ya kila siku. Sahani ikiponyoka mkononi na kuangukia kauri, haikusamehe. Nyeusi za mawe ya kusagwa na gundi zinavutia sana, lakini maji ya ziwa Kivu yakikauka juu yake yanaacha madoa meupe, utafuta mpaka uchoke.

Kuna jambo moja kuhusu javeli, ile dawa ya klorini ya kuua vijidudu. Mji huu unakijua kipindupindu, na sitamwambia mama yeyote apunguze usafi. Lakini javeli isiyochanganywa na maji, ikilala usiku kucha ndani ya lavabo ya chuma, inakitoboa vitundu vidogo vidogo, hata kile cha 18/10. Ichanganye na maji, osha, kisha suuza mara moja. Basi.

Sasa nije kwenye kitu ambacho dukani hawakukiuliza hata kidogo, nami najuta kwamba sikukifikiria mwanzo: maji yanayotoka yanakwenda wapi? Nyumba yetu imesimama juu ya lava ya volkano Nyiragongo iliyoshuka Januari 17, 2002. Huku mtaani hakuna bomba la maji taka, kila mtu na shimo lake, na jiwe lile halichimbwi kwa jembe. Fundi alishinda siku nyingi akipiga kwa mtaimbo na nyundo, vipande vikiruka kama vya chupa, na bei ya lile shimo ilipita ya lavabo yenyewe mara kadhaa. Kama unajenga, ulizia shimo kwanza, ndipo uamue jiko likae upande gani. Sisi tulianza na jiko, tukalazimika kupitisha bomba refu kuzunguka nyumba, na bomba refu lenye mteremko mdogo huziba.

Linazibwa na nini? Na mafuta ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Yakiwa ya moto yanapita vizuri, yakipoa yanaganda ndani ya bomba, wali na mabaki ya sombe, yale majani ya muhogo, vinashikamana juu yake. Chagua lavabo yenye tundu kubwa, la milimita 90 hivi, lenye kichujio cha kutoa kwa mkono. Lile tundu dogo la lavabo ya kunawia halifai jikoni. Nje, kabla ya shimo, mwambie fundi ajenge kisanduku cha kunasia mafuta chenye kifuniko, unachoweza kukisafisha mwenyewe. Na usikubali akufungie bomba lililonyooka bila sifoni, ile kona iliyopinda kama herufi U. Maji yanayobaki ndani yake ndiyo yanayozuia hewa ya shimo isipande jikoni. Ukisafiri wiki kadhaa, yatakauka, kwa hiyo ukirudi mwaga kikombe kimoja kabla ya yote. Na wakati wa kuchimba, mtu asishuke peke yake kwenye shimo refu. Mazuku, ile gesi ya kuua itokayo ardhini, hayana harufu, ni mazito kuliko hewa, yanakaa chini, na sote tumesikia misiba yake.

Robine, yaani bomba la kufungulia maji, sitaikalia sana. Kama maji yako yanashuka kutoka kwenye tangi, kila mita moja ya urefu inakupa bar 0.1 tu. Robine za kisasa zenye vichujio vidogo mdomoni zitakupa uzi wa maji. Nunua ya kawaida yenye njia pana, na uinyanyue tangi kadiri ukuta unavyoweza kubeba.

Ile Jumamosi nilizunguka maduka manne. Katika matatu wauzaji walisita nilipoomba kuingiza sufuria ndani ya bidhaa yao. Wa nne, mzee mmoja, aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka mwenyewe, akaizungusha, akasema, "Inageuka vizuri, mama." Nikalipa hapo hapo.

Mdogo wangu anajenga Ndosho na wiki ijayo anakuja kuniazima sufuria hiyo. Nimemwambia aje pamoja na fundi wake, ili kabla ya kwenda dukani tuandamane kwanza kwenye kiwanja tuangalie mahali pa kuchimba shimo.