Ukiwa na watoto Firenze, iache Pisa, nenda Lucca

Familia inayofikia Firenze, Italia, ikipata siku moja ya ziada, mara nyingi huimalizia Pisa, mji wa mnara ulioinama. Watu wanapiga picha ya kuusukuma mnara, kisha mtoto wa miaka sita anaambiwa hapandi, maana walio chini ya miaka 8 hawaruhusiwi. Kilio kinaanzia hapo. Lucca nayo iko kwenye reli, ina historia ya kutosha, na kitu chake kikubwa kuliko vyote ni cha bure na mtoto anaweza kukikimbilia juu: ukuta unaouzunguka mji.

Tuanze na treni. Kutoka kituo cha Santa Maria Novella, Firenze, panda treni ya kawaida, Regionale, safari ya saa moja na dakika ishirini au zaidi kidogo kutegemea vituo. Kwenye ubao wa stesheni usitafute jina Lucca peke yake. Ubao hutaja mwisho wa safari, na treni nyingi za njia hii huishia Viareggio, mji ulio mbele ya Lucca. Wageni huachwa na treni iliyo mbele ya macho yao kwa sababu hiyo tu. Namba ya kuangalia ni ile iliyo chini ya neno binario, yaani jukwaa la kupandia, na inaweza kubadilika dakika za mwisho, kwa hiyo mmoja wenu abaki anautazama ubao wakati mwingine anapeleka watoto chooni.

Nauli ya Regionale haipandi siku ikikaribia, na viti havina namba, kwa hiyo kukata tiketi mwezi mzima kabla hakukuokolei chochote. Mtoto chini ya miaka 4 hasafiri kwa tiketi. Kuanzia 4 hadi kabla ya kutimiza 12 hulipa nusu. Tiketi ya karatasi lazima igongwe muhuri kwenye kimashine cha stesheni kabla ya kupanda. Ukisahau, mkaguzi atakuhesabu kama uliyepanda bila nauli, na kumwambia wewe ni mgeni hakusaidii. Ya kwenye simu nayo ina hatua yake: kuna kitufe cha kuthibitisha safari, kibonyeze kabla treni haijaondoka.

Baada ya Pistoia, mji ulio njiani, kuna sehemu ndefu za reli moja, ambako treni moja husubiri nyingine ipite. Ndiyo maana kuchelewa kidogo ni jambo la kawaida. Msipange chakula cha mchana kwa dakika.

Stesheni ya Lucca iko nje ya ukuta, upande wa kusini. Ng'ambo ya barabara kuna njia ya miguu inayokatiza majani na kuingia ndani ya ngome ya San Colombano, moja ya ngome zinazochomoza kwenye ukuta, kisha ngazi. Watoto huipenda kwa sababu inafanana na kuingia mjini kwa siri. Mwenye kigari cha mtoto aachane nayo. Ashike kushoto hadi lango la San Pietro, ambako ni tambarare.

Ukuta wenyewe ulijengwa kuanzia karne ya 16 hadi katikati ya ya 17, una mzunguko wa kilomita 4 na ushee, na juu yake kuna barabara pana yenye miti. Haukuwahi kupigana na jeshi. Adui wake mkubwa alikuwa maji: mwaka 1812 mto Serchio ulipofurika, malango yalifungwa na mji ukasalimika. Baiskeli hukodishwa karibu na lango la Santa Maria, zikiwemo zenye kiti cha mtoto na zile za magurudumu manne za kukaa familia nzima. Angalizo moja, na hili si dogo: kingo za nje sehemu nyingi hazina uzio wa maana, na chini ni mita kama 12. Mtoto mdogo ashikwe mkono, hasa kwenye pembe za ngome.

Kwenye kanisa kuu la San Martino msianze na maelezo. Wape watoto kazi: matao matatu ya mbele, lipi limebanwa? Ni la kulia, kwa sababu mnara wa kengele ulikuwepo tayari na kanisa likalazimika kujibana. Kisha watafute kwenye nguzo ya barazani mchoro wa njia za kupotezana, mviringo mdogo uliochongwa kwenye jiwe. Kazi hizo mbili zinatosha kabla hawajachoka.

Mnara wa Guinigi una mialoni juu ya paa na ngazi zaidi ya 200. Nao upandeni asubuhi. Mchana wa Julai ni adhabu.

Jikoni nyingi hufunga karibu saa nane na nusu mchana hadi jioni. Mkichelewa, tafuteni cecina, mkate mwembamba wa unga wa dengu, maji, mafuta na chumvi, unaouzwa kwa kipande. Hauna nyama, kwa hiyo asiyekula nguruwe hana cha kuuliza.

Kabla ya kuondoka Firenze angalieni kama kuna mgomo, sciopero. Siku za kazi, treni za kawaida zinazohakikishwa ni za saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi, na saa kumi na mbili jioni hadi saa tatu usiku. Kurudi saa kumi alasiri siku hiyo ni kamari. Na mwisho wa Oktoba kuelekea Novemba, wakati wa maonyesho ya katuni na michezo ya Lucca, treni hujaa hadi milangoni. Mwenye kigari cha mtoto achague wiki nyingine.